Virusi vya kishikwambi: Mlango hufunguliwa na mwenyewe

MWALIMU anayetoka Kerege au Zinga kwenda Bagamoyo mjini kuchapisha mtihani wa wanafunzi wake hubeba vitu viwili vinavyoenea katika mkoba mmoja: kishikwambi alichokitumia kuandika maswali na flashi ya kuyahamishia. Akifika steshenari, flashi hiyo huchomekwa kwenye kompyuta ambayo siku hiyohiyo imekwishapokea flashi za watu wengine wengi.

Baada ya muda mfupi mafaili yaliyokuwamo hayaonekani tena, na mahali pake pamejaa alama za njia ya mkato zisizofunguka. Mwenye steshenari hutikisa kichwa na kutamka neno moja ambalo kila mtu analifahamu: virusi.

Swali linalobaki kichwani mwa mwalimu huyo anaporejea nyumbani kwa daladala ni kama ugonjwa ule wa kompyuta unaweza kukipata na kishikwambi chake, na kama anapaswa kutoa fedha kununua programu ya kukikinga.

Jibu ni kwamba kishikwambi hakiugui kwa namna ambayo kompyuta ya steshenari inaugua. Hata hivyo, kinaweza kumletea mwenye nacho hasara kubwa zaidi, na kwa sehemu kubwa kinachokidhuru huwa kimeruhusiwa kuingia na mwenye kifaa mwenyewe.

Suala hilo si dogo. Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 23, 2022 ilitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na matokeo yake yakaonyesha kuwa Tanzania ina watu 61,741,120. Baada ya kazi hiyo, Serikali iliamua vishikwambi vilivyotumika vipelekwe kwa walimu, na ugawaji wake ulianza kabla mwaka huo haujaisha.

Kwa sababu hiyo, kifaa ambacho miaka michache nyuma kilionekana zaidi mikononi mwa watalii waliofika kwenye magofu ya Kaole, sasa ni nyenzo ya kazi katika shule za vijijini. Ndani yake mna maswali ya mitihani, alama, orodha za majina ya wanafunzi na, kwa kifaa binafsi, mara nyingi mna laini ya simu iliyobeba fedha za familia.

Virusi ni nini hasa

Kwa maana halisi, virusi vya kompyuta ni programu ndogo inayojipachika kwenye programu au faili jingine, kisha ikajinakili yenyewe kila faili hilo linapofunguliwa. Ziko nyingine zinazosambaa zenyewe kupitia mtandao au flashi bila kujipachika popote. Na ziko zinazojifanya kitu chema, kama mchezo au tochi, huku zikiwa zimebeba madhara ndani. Wataalamu huziita zote kwa pamoja programu hasidi.

Katika vifaa vya mkononi, aina hiyo ya tatu ndiyo inayotawala. Hata mwaka 2004, ilipogunduliwa Cabir, programu hasidi ya mwanzo kabisa iliyosambaa baina ya simu kwa njia ya Bluetooth, haikuweza kuingia kwenye simu hadi mwenye simu akubali kuipokea na kuisakinisha.

Sababu ni jinsi vifaa hivyo vilivyojengwa. Mfumo wa Android, unaoendesha vishikwambi vingi vinavyouzwa nchini, unafanana na nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha. Kila programu hupewa chumba chake chenye kufuli, na mpangaji mmoja hawezi kuingia chumba cha mwenzake na kupekua kabati lake. Akitaka kutumia kamera, kipaza sauti au orodha ya namba za simu, hana budi kumwomba mwenye nyumba ruhusa.

Kishikwambi cha iPad cha kampuni ya Apple nacho kimejengwa hivyohivyo, tena kwa masharti makali zaidi, kwa kuwa katika nchi nyingi programu zake hupatikana kupitia duka moja tu la kampuni hiyo. Tofauti iko kwa vishikwambi vinavyotumia mfumo wa Windows. Hivyo ni kompyuta kamili kwa umbo dogo, hupatwa na virusi vilevile vya kompyuta, na vinahitaji kinga wakati wote. Mfumo huo huja na kinga yake iitwayo Microsoft Defender, ambayo haipaswi kuzimwa.

Zipo pia programu za kijasusi, kama Pegasus, ambazo zimewahi kuingia kwenye vifaa bila mwenye kifaa kubonyeza chochote. Lakini hizo ni ghali mno na huelekezwa kwa watu maalumu, wakiwamo waandishi wa habari, wanaharakati na wanasiasa. Mwizi anayetafuta fedha za mwananchi wa kawaida hutumia njia rahisi zaidi: humshawishi afungue mlango mwenyewe.

Flashi ya steshenari

Virusi vinavyoficha mafaili kwenye flashi vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo haviwezi kufanya kazi ndani ya Android wala iPad. Mwalimu akichomeka flashi hiyo kwenye kishikwambi chake, kifaa hakitaugua.

Hata hivyo, kinaweza kuwa mbebaji. Faili lenye virusi likinakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya kishikwambi litakaa humo kimya, na siku kadi hiyo itakapochomekwa kwenye kompyuta ya ofisi ya shule, ugonjwa utakuwa umefika.

Njia ya kuepuka hilo haina gharama kubwa. Ni vema kuwa na flashi moja ya kazi ya kuchapisha tu, isiyo na kitu kingine ndani, huku faili la asili likibaki kwenye kishikwambi. Ikitoka steshenari, flashi hiyo ifutwe yote kabla ya kutumika tena. Na pale mafaili yanapoonekana kupotea, isifutwe kwa haraka, kwa kuwa mara nyingi mafaili huwa yamefichwa tu na fundi anaweza kuyaonyesha tena.

Wengine hukwepa flashi kwa kufungua barua pepe au WhatsApp zao kwenye kompyuta ya steshenari. Hapo hatari si virusi pekee. Mtu akiondoka bila kujitoa kwenye akaunti yake, anayefuata kuketi kwenye kiti hicho anaweza kusoma mawasiliano yake yote. Vilevile, nakala ya mtihani iliyobaki kwenye kompyuta hiyo ni mtihani uliovuja, hata kama hakuna virusi hata kimoja.

Programu za kupeana

Njia kuu ya kuugua kwa kishikwambi cha Android ni kusakinisha programu kutoka nje ya duka rasmi la Google Play. Faili la programu hupokewa kutoka kwa rafiki, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp au hupakuliwa kwenye tovuti inayoahidi kutoa bure kitu kinachouzwa.

Ripoti ya usalama ya Google ya mwaka 2018 ilionyesha tofauti hiyo kwa tarakimu. Kati ya vifaa vilivyopata programu zake kutoka Google Play pekee, asilimia 0.08 vilikutwa na programu yenye madhara. Kwa vifaa vilivyochukua programu kutoka nje ya duka hilo, kiwango kilikuwa asilimia 0.68, yaani zaidi ya mara nane.

Mfano unaowagusa wengi ni matoleo ya WhatsApp yasiyo rasmi, yanayopendwa kwa sababu humwezesha mtu kusoma ujumbe bila kujulikana au kuona ujumbe uliofutwa. Agosti 2021, kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kuwa toleo mojawapo la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada, yenye uwezo wa kupakua programu nyingine hasidi na kumsajili mwenye kifaa kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua.

Mfano mwingine ni mwaliko wa harusi. Januari 2025, kampuni hiyo ilitangaza kugundua wizi uliolenga watu wa Malaysia na Brunei, ambapo walengwa walitumiwa kile kilichoitwa kadi ya mwaliko. Kadi hiyo ilikuwa programu. Aliyeisakinisha aliwapa wezi ujumbe wake mfupi na barua pepe, zikiwamo namba za siri za mara moja zinazotumwa kuthibitisha akaunti.

Katika Pwani ya Tanzania, ambako simu hupokea kadi za michango ya harusi karibu kila wiki, mbinu kama hiyo haihitaji kubadilishwa sana ili imnase mtu. Kanuni ya kujikinga ni moja: kadi ya kweli ni picha au faili la kusoma, na hufunguka bila kuomba kusakinishwa. Kifaa kikiuliza kama mtumiaji anaruhusu kusakinisha programu isiyojulikana, jibu liwe hapana.

Ruhusa zinazotolewa kwa pupa

Hata duka rasmi si kinga kamili. Google ilieleza mwanzoni mwa mwaka 2020 kuwa ilikuwa imeondoa programu 1,700 za kundi moja tu la programu hasidi, lijulikanalo kwa jina la Joker au Bread, lililokuwa likijipenyeza kwenye duka hilo tangu mwaka 2017 kwa lengo la kuwasajili watu kwenye huduma za kulipia.

Ndiyo maana ruhusa zinazoombwa na programu zinapaswa kusomwa kabla ya kukubaliwa. Programu ya tochi haina haja ya orodha ya namba za simu, wala mchezo wa watoto hauna haja ya kusoma ujumbe mfupi. Ruhusa ya hatari kuliko zote ni ile iitwayo Ufikivu, iliyokusudiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kuona kila kinachoandikwa kwenye kioo na hata kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye kifaa.

Watanzania wengi wamekwishaonja madhara ya ruhusa zilizotolewa kwa pupa, ingawa hawakuyaita virusi. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) iliyapiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Malalamiko yaliyozizunguka programu za namna hiyo yalikuwa ni kwamba mkopaji akichelewa kulipa, ndugu, majirani na wakubwa wake wa kazi hutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha, kwa kutumia namba zilizochotwa kwenye simu yake.

Programu kama hizo hazivunji kufuli. Huomba ufunguo, na mwenye shida ya fedha huutoa bila kusoma.

Vifaa vinavyouzwa vikiwa na ugonjwa

Iko hali moja ambayo mnunuzi hana kosa zaidi ya kuvutiwa na bei. Mwaka 2019, Google ilithibitisha kuwa Triada iliwahi kukutwa ndani ya baadhi ya simu kabla hazijauzwa, baada ya kupachikwa wakati wa utengenezaji. Juni 2025, Shirika la Upelelezi la Marekani (FBI) lilitoa tahadhari kuhusu mtandao uitwao BADBOX 2.0, uliohusisha mamilioni ya vifaa vya bei nafuu visivyo na uthibitisho wa Google, hasa visanduku vya televisheni.

Ugonjwa wa aina hiyo hauondoki kwa kufuta programu wala kwa kurejesha kifaa katika hali ya kiwandani, kwa sababu umo ndani ya mfumo wenyewe. Rahisi huwa ghali.

Anayenunua kishikwambi Kariakoo, Tegeta au Bagamoyo anaweza kukikagua kabla ya kulipa. Afungue Google Play, aingie kwenye mipangilio, kisha sehemu inayoeleza habari za duka hilo. Hapo huandikwa kama kifaa kimeidhinishwa au la. Kisichoidhinishwa kisibebe laini yenye fedha.

Je, kinga inunuliwe?

Kwa mtumiaji anayechukua programu kutoka duka rasmi tu, ambaye kifaa chake bado kinapata masasisho, hakuna ulazima wa kununua programu ya kuzuia virusi. Vifaa vya Android vilivyoidhinishwa vina mlinzi wake aitwaye Play Protect, aliyeanza kazi mwaka 2017, ambaye hukagua programu bila malipo. Kwa upande wa iPad, mfumo hauiruhusu programu yoyote kupekua nyingine, hivyo kinachouzwa kwa jina la kinga ya virusi hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Tena, biashara ya kinga ina matapeli wake. Mwaka 2014, programu iliyoitwa Virus Shield iliuzwa kwa dola 3.99 na kununuliwa zaidi ya mara 10,000 kabla haijabainika kuwa kazi yake pekee ilikuwa kubadili alama ya mkasi kuwa alama ya vema. Mwaka 2019, taasisi ya AV-Comparatives ya Austria ilizipima programu 250 za kuzuia virusi vya Android. Ni 80 tu zilizoweza kutambua zaidi ya asilimia 30 ya programu hasidi bila kuzisingizia programu njema.

Kinga ya ziada inafaa kwa mtu ambaye kazi yake inamlazimu kuchukua programu nje ya duka, au ambaye kifaa chake hutumiwa na watu wengi nyumbani. Ichukuliwe moja, ya kampuni inayojulikana, kutoka duka rasmi. Tangazo linalojitokeza kwenye kioo likidai kuwa kifaa kina virusi 13 na kinahitaji kusafishwa mara moja, lenyewe ndilo la kuogopwa.

Kwa kishikwambi cha Serikali, mwalimu asiongeze wala kuondoa programu ya ulinzi kabla ya kuwasiliana na Ofisa Tehama wa halmashauri yake.

Ufa unaosahaulika

Kinachosahaulika zaidi ni masasisho ya mfumo. Kila mwezi watengenezaji hugundua nyufa na kutoa viraka vya kuziziba, lakini hawafanyi hivyo milele. Google iliacha kuandaa viraka vya usalama vya Android 11 mwanzoni mwa mwaka 2024, na vya Android 12 mwanzoni mwa mwaka 2025. Kifaa chenye mifumo hiyo bado kinafanya kazi, lakini ufa mpya ukigunduliwa huenda usizibwe tena.

Anayetaka kujua hali ya kifaa chake afungue mipangilio na kutazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, kishikwambi hicho kitumike kwa kusomea na kufundishia, lakini huduma za benki na fedha za simu zihamishiwe kwenye kifaa kingine.

Masasisho hula bando, na katika vijiji vilivyo kaskazini mwa mto Wami kuelekea Saadani mtandao unaweza kusumbua. Walio huko wanaweza kusubiri siku ya kwenda mjini, kwenye mtandao usio wa kulipia kwa bando, huku betri ikiwa imejaa.

Mengine ni ya kila siku: namba ya siri ya kufungulia kioo, wasifu tofauti kwa ajili ya watoto pale kifaa kinaporuhusu, na nakala rudufu ya mitihani na alama iliyohifadhiwa mahali pengine. Nakala hiyo ndiyo itakayomwokoa mwalimu hata kama kifaa kitaibwa au kutumbukia majini.

Kikishaugua

Dalili za kishikwambi kilichoingiliwa ni bando kuisha bila sababu, matangazo kujitokeza hata pasipofunguliwa kitu, kifaa kupata joto kikiwa kimewekwa tu, na programu zisizofahamika kuonekana. Dalili moja peke yake haitoshi, kwani betri kuukuu nayo huleta joto.

Hatua ya kwanza ni kuzima mtandao na kutoa laini. Pili, programu iliyosakinishwa karibuni iondolewe. Ikikataa, inyang'anywe kwanza ruhusa ya usimamizi wa kifaa na ile ya Ufikivu. Ikishindikana, mafaili muhimu yanakiliwe na kifaa kirejeshwe katika hali ya kiwandani. Kisha nywila za barua pepe na namba za siri za fedha zibadilishwe, kwa kutumia kifaa kingine.

Fedha zikiwa zimeguswa, mwenye laini apige namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja na kutoa taarifa polisi. Namba za matapeli hutumwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia 15040, na laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu huhakikiwa kwa kubonyeza *106#.

Kwa mwalimu, jambo hili lina uzito zaidi ya fedha zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu zitunzwe kwa usalama, na majina na alama za wanafunzi ni taarifa za watu. Watoto hao hawakuulizwa kama kishikwambi chenye majina yao kisakinishiwe WhatsApp ya kupeana. Uamuzi huo uko kwenye kidole cha aliyekishika.